Pumzi Inapogoma: Tafuta Kwanza Imekwama Wapi

Mtu akianza kuhema kwa shida, swali la kwanza la walio karibu naye huwa ni dawa gani apewe. Naomba swali hilo lisubiri kidogo. Njia ya hewa ni ndefu: inaanzia puani na kuishia kwenye vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, na kubanwa pumzi kunaweza kutokea popote humo, au hata nje yake kabisa. Dawa ya kufungua mirija ya chini ya mapafu haitamwokoa aliyekwamwa na karanga kooni, wala antibiotiki haitamfaa aliyepungukiwa damu. Ukishajua tatizo limekaa wapi, sababu zinazobaki huwa chache, na nyingi unaweza kuzitambua kwa macho na masikio yako.

Zipo hali zisizongoja uchunguzi wowote. Midomo au ulimi kugeuka rangi ya buluu au kijivu. Mtu kushindwa kumaliza sentensi fupi kwa pumzi moja. Mtoto kushindwa kunyonya au kunywa. Kuchanganyikiwa au kusinzia huku pumzi ni za shida. Mate kudondoka kwa sababu hayamezeki. Ukiona mojawapo, acha kusoma umpeleke hospitali sasa hivi. Kwa mwenye ngozi nyeusi usitegemee rangi ya uso; tazama ulimi, fizi na upande wa ndani wa midomo.

Njia yenyewe ilivyo

Hewa huingia puani, ambako hupashwa joto, hulowanishwa na kuchujwa. Kisha hupita kwenye koromeo, nyuma ya kinywa, mahali ambapo chakula na hewa vinatumia njia moja. Chini ya hapo lipo zoloto lenye nyuzi za sauti, na juu yake kidakatonge, ambacho huinama na kufunika mlango wa hewa kila tunapomeza. Baada ya zoloto huja koo la hewa, yaani trakea. Kwa mtu mzima lina urefu wa sentimita 10 hadi 12, na linashikiliwa lisibonyee na pete 16 hadi 20 za gegedu. Pete hizo hazikutani kwa nyuma. Upande huo ni laini, na ndiko umio unakopita, kwa hiyo tonge kubwa linaposhuka halikutani na gegedu ngumu.

Trakea hugawanyika kuwa bronkasi mbili, moja kwa kila pafu. Ile ya kulia ni pana zaidi, fupi zaidi, na imeelekea chini zaidi kuliko ya kushoto; tutaona baadaye kwa nini jambo hili lina uzito. Matawi huendelea kugawanyika takriban mara 23, yakizidi kuwa membamba, mpaka kwenye vifuko vya hewa vinavyokadiriwa kuwa kati ya milioni 300 na 500 kwa mtu mzima. Kuta za vifuko vyote zikitandazwa zingefikia eneo la karibu mita za mraba 70. Upande wa pili wa kuta hizo kuna kapilari za damu, ambazo Marcello Malpighi aliziona mwaka 1661 katika mapafu ya chura. Hapo oksijeni huvuka kuingia kwenye damu, na kabonidayoksaidi huvuka kutoka.

Mapafu hayana msuli wa kujipanua. Kazi hiyo hufanywa na kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, ukisaidiwa na misuli ya katikati ya mbavu. Kiwambo kikishuka, kifua hupanuka, shinikizo la ndani hupungua, na hewa huingia. Kutoa pumzi ukiwa umetulia hakuhitaji nguvu, kwa kuwa mapafu hujirudi yenyewe. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kila pumzi ikiwa na takriban mililita 500 za hewa. Katika hizo, kama 150 huishia kwenye mabomba bila kufika kwenye vifuko. Ndiyo maana pumzi fupifupi za haraka humchosha mgonjwa bila kumfaa: sehemu kubwa ya kila pumzi inapotelea njiani.

Shida iko wakati wa kuvuta au wakati wa kutoa?

Ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu, ningeuliza hili. Mtu anapovuta pumzi, shinikizo ndani ya kifua hushuka. Mirija iliyo ndani ya kifua huvutwa na kupanuka, lakini njia iliyo juu ya kifua, yaani koromeo, zoloto na mwanzo wa trakea, huelekea kunywea. Anapotoa pumzi mambo hugeuka: njia ya juu hupanuka, na mirija ya ndani ya kifua hubanwa. Kwa hiyo sehemu iliyokwisha kuwa nyembamba hupiga kelele zamu yake ya kubanwa ikifika. Mlio mkali wakati wa kuvuta unaashiria tatizo kooni au kwenye zoloto. Mlio mwembamba kama filimbi wakati wa kutoa unaashiria tatizo kwenye mirija midogo ya mapafu. Mlio unaosikika wakati wote, kuvuta na kutoa, unaweza kutoka kwenye kizuizi kilichokaa katikati, ndani ya trakea yenyewe, au kuwa dalili kwamba tatizo limekuwa kubwa.

Mvue mgonjwa nguo ya juu, nyamaza, na umsikilize pumzi kadhaa. Hakuna chombo kinachohitajika kwa hatua hii. René Laennec alipobuni kifaa cha kusikilizia kifua mwaka 1816 alianza na karatasi aliyoiviringisha, na mlio wa njia ya juu husikika hata bila karatasi hiyo.

Hawezi kusema wala kukohoa, ameshika shingo

Amepaliwa. Kidakatonge kimechelewa kufunga na kitu kimeingia njia ya hewa. Kama bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Kikohozi chake kina nguvu kuliko mikono yako. Kama sauti haitoki, simama pembeni yake, mwinamishe mbele, na umpige kwa kiganja mara 5 kati ya mabega. Kitu kisipotoka, zunguka nyuma yake, kunja ngumi juu kidogo ya kitovu, ishike kwa mkono wa pili, na uvute kwa ndani na juu mara 5. Endelea kwa zamu. Mbinu hii ya tumbo ilitangazwa na Henry Heimlich mwaka 1974. Mjamzito hakandamizwi tumbo, hukandamizwa kifua. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hulazwa kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili. Apigwe mgongoni mara 5, kisha ageuzwe na kubonyezwa katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Usiingize kidole kinywani kutafuta kitu usichokiona, maana unaweza kukisukuma ndani zaidi. Akizimia, mlaze chini, anza kumbonyeza kifua kama afanyiwavyo aliyesimama moyo, na mtu mwingine aite msaada.

Kuna namna nyingine ya kupaliwa inayopita bila watu kuitambua. Mtoto anacheza na mbegu au shanga mdomoni, anakohoa ghafla kwa dakika chache, kisha anatulia. Baada ya siku kadhaa anaanza kikohozi kisichoisha na mlio wa upande mmoja wa kifua, mara nyingi wa kulia, kwa kuwa bronkasi ya kulia ndiyo pana na iliyoelekea chini. Wengi wa watoto hawa hutibiwa kama wagonjwa wa pumu au nimonia kwa wiki nyingi. Mlio wa upande mmoja tu si tabia ya pumu. Mweleze daktari kuhusu siku ile ya kikohozi cha ghafla hata kama hukushuhudia kitu kikimezwa.

Mlio mkali wakati wa kuvuta

Kwa mtoto mdogo mwenye mafua, sauti iliyokauka na kikohozi cha kubweka kinachozidi usiku, sababu ya kawaida ni virusi vinavyovimbisha zoloto na sehemu ya chini yake. Watu wazima hupata virusi vilevile wakaishia kukwaruza sauti tu. Tofauti iko kwenye upana wa njia. Hewa inapopita kwa utulivu ndani ya mrija, ukinzani hupanda kwa nguvu ya nne upana unapopungua: upana ukibaki nusu, ukinzani huwa mara 16. Uvimbe wa milimita moja ambao mtu mzima hauhisi unaweza kumfanya mtoto mchanga ahangaike. Usimlize mtoto huyu. Kilio humfanya avute hewa kwa nguvu, na kuvuta kwa nguvu huzidi kunyweza njia. Mweke mapajani, mtulize, na kama mlio unasikika hata akiwa ametulia, aende hospitali. Dozi moja ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, husaidia sana.

Kama homa ni kali, mtoto ameketi akiinama mbele, mdomo wazi, mate yanachuruzika na hataki kulala, huenda kidakatonge chenyewe kimevimba. Chanjo dhidi ya bakteria wa Hib imefanya ugonjwa huu kuwa adimu, lakini bado upo. Usimfungue kinywa kwa kijiko kuangalia koo, usimlaze. Mpeleke akiwa ameketi vilevile.

Mlio uliokuja dakika chache baada ya kuumwa na nyuki, kula kitu au kumeza dawa, pamoja na uso kuvimba au vipele vya kuwasha mwilini, ni mzio mkali. Tiba yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye paja. Dawa za kawaida za mzio hazifanyi kazi haraka kiasi cha kutegemewa hapa.

Filimbi wakati wa kutoa

Pumu ndiyo inayojulikana zaidi. Ndani yake mambo matatu hutokea kwa pamoja: misuli inayozunguka mirija midogo hukaza, kuta za mirija huvimba, na ute mzito hujaa humo. Dalili huja na kuondoka, huzidi usiku wa manane na alfajiri, huchochewa na vumbi, moshi, mafua, baridi au mazoezi. Mgonjwa anavuta hewa vizuri kiasi lakini kuitoa ni kazi ndefu, na hewa inayobaki ndani hujaza kifua mpaka pumzi inayofuata haina nafasi. Anaposema kifua kimejaa, ndivyo kilivyo kweli.

Kama mtu ana inhela, yaani kifaa cha kuvutia dawa kwa mdomo, na bado habadiliki, kagua matumizi yake kabla ya kuilaumu dawa. Naliona hili kuwa chanzo kikubwa cha mateso yasiyo ya lazima. Inhela ya kubonyeza hutikiswa kwanza. Mgonjwa hutoa pumzi yote, hufunga midomo kuzunguka mdomo wa inhela, huanza kuvuta polepole ndipo abonyeze, kisha hushikilia pumzi kama sekunde 10. Mpulizo mmoja kwa wakati mmoja. Wengi hubonyeza mara mbili kwa mfululizo huku wakivuta kwa kasi, na dawa yote hugonga ukuta wa koo. Chupa ya kati, maarufu kama spesa, huondoa sehemu kubwa ya kosa hili kwa watoto na watu wazima pia. Wakati wa shambulio, mipulizo ya dawa ya kufungua inaweza kufika 10 kupitia spesa, mmoja mmoja, huku safari ya hospitali ikiandaliwa kama nafuu haionekani.

Jambo la pili la kukagua ni aina ya inhela. Ya kufungua hulegeza misuli kwa saa chache, haigusi uvimbe. Ya kuzuia, yenye steroidi, hupunguza uvimbe na hutumika kila siku hata mgonjwa akiwa mzima kabisa, na baada ya kuivuta mgonjwa husukutua kinywa ili asiote utando mweupe wa fangasi mdomoni. Anayemaliza inhela ya kufungua kila mwezi ana pumu isiyotibiwa, hata kama anajiona anatumia dawa kwa bidii.

Na kimya kisikudanganye. Mgonjwa aliyekuwa akipiga filimbi, kisha mlio ukatoweka huku akizidi kulegea na kusinzia, hajapona. Hewa inayopita imekuwa ndogo mno kutoa sauti.

Mtu wa miaka 40 au zaidi aliyevuta sigara au moshi wa kuni kwa miaka mingi, ambaye pumzi yake inazidi kufupika mwaka hadi mwaka na haina siku za uzima kamili katikati, ana uwezekano mkubwa wa kuwa na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Huyu kuta za vifuko vyake zimeharibika na hazirudi. Kinachobadilisha mwelekeo wake zaidi ya dawa yoyote ni kuacha moshi. Na mzee ambaye filimbi yake imeanza uzeeni, pamoja na miguu kuvimba, achunguzwe moyo kwanza.

Kikohozi kisichoisha

Ndani ya mabomba ya hewa kuna ute unaonasa vumbi na vijidudu, na chini ya ute kuna vijinywele vinavyoitwa silia. Silia hupiga zaidi ya mara 10 kwa sekunde, zikiusukuma ute kwenda juu mpaka kooni, ambako tunaumeza bila kujua. Kukohoa ni msaada wa mfumo huo: unavuta hewa nyingi, nyuzi za sauti zinafunga, shinikizo linapanda, kisha zinafunguka ghafla na hewa inatoka na uchafu. Kwa hiyo kikohozi chenye makohozi kinafanya kazi, na dawa ya kukizima mara nyingi si hisani.

Muda ndio wa kwanza kuangaliwa. Kikohozi cha mafua kinaweza kubaki wiki tatu au zaidi baada ya mafua kuisha, kwa sababu ngozi ya ndani ya mirija ilijeruhiwa na bado inajijenga. Lakini kikohozi cha wiki mbili au zaidi, hasa kikiambatana na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito, kipimwe kifua kikuu, hata kama mtu anajiona ana nguvu. Bakteria wake, aliyetangazwa na Robert Koch tarehe 24 Machi 1882, hupenda sehemu za juu za mapafu ambako oksijeni ni nyingi. Kifua kikuu kinatibika, na mgonjwa akianza dawa zinazofaa uwezekano wa kuwaambukiza wengine hushuka haraka. Kinachoumiza familia ni miezi ya kununua dawa za kikohozi dukani kabla ya kipimo cha makohozi.

Kama kipimo ni safi na picha ya kifua ni safi, sababu zinazobaki mara nyingi ni nne. Kamasi inayoshuka nyuma ya koo: mgonjwa husafisha koo kila wakati, na kikohozi humjia akilala. Pumu isiyo na filimbi: kikohozi kikavu cha usiku, au cha baada ya kukimbia. Asidi ya tumbo kupanda: kuna kiungulia, sauti ya asubuhi imekwaruza, na kikohozi huja baada ya kula au kuinama. Ya nne husahaulika mno: dawa za shinikizo la damu ambazo majina yake huishia na -prili, kama kaptoprili, enalaprili na lisinoprili. Hizi huleta kikohozi kikavu cha kuwasha koo, wakati mwingine miezi kadhaa baada ya kuanza kuzitumia. Usiache dawa ya presha kwa uamuzi wako. Omba ibadilishwe, na ujue kikohozi kinaweza kuchukua wiki kadhaa kuisha.

Mvutaji sigara hukohoa asubuhi kwa sababu moshi hulemaza silia na ute hulundikana usiku kucha. Akiacha, anaweza kukohoa zaidi kwa wiki za mwanzo. Watu wengi hurudia sigara hapo, wakidhani kuacha kumewadhuru. Silia zimeanza kazi upya, na zinatoa uchafu uliokwama.

Kwa mtoto, vipindi vya kikohozi mfululizo bila kupumzika, kisha sauti ya kuvuta hewa kwa nguvu na kutapika, huashiria kifaduro. Mtoto wa miezi michache anaweza asitoe sauti hiyo kabisa. Badala yake husimama kupumua kwa sekunde kadhaa. Huyo ni wa hospitali.

Makohozi yana rangi

Kijani na njano hutokana na vimeng'enya vya chembe nyeupe za damu zilizokwenda kupambana. Zinapatikana kwenye maambukizi ya virusi pia, kwa hiyo rangi peke yake haitoshi kuanzisha antibiotiki. Rangi ya kutu pamoja na homa ya ghafla na kichomi huelekea nimonia. Povu la waridi kwa mtu anayehema sana ni maji yaliyojaa mapafuni, kwa kawaida kwa sababu ya moyo, na ni dharura. Damu, hata michirizi, ichunguzwe: kifua kikuu, mirija iliyotanuka na kuharibika, damu iliyoganda ndani ya mapafu, saratani. Hakikisha kwanza haikutoka puani au kwenye fizi.

Homa na pumzi za haraka

Katika nimonia, vifuko vya hewa hujaa majimaji na usaha. Damu inapita pale lakini haikuti hewa. Mwili hufidia kwa kuongeza kasi ya kupumua, na hapo ndipo mzazi anapopata kipimo kizuri kuliko kukisia kwa mkono kwenye paji la uso. Subiri mtoto atulie au alale, pandisha nguo yake, na hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima kwa saa. Usihesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili, maana watoto hawapumui kwa mpangilio sawa. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, pumzi ni za haraka zikifika 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi miaka 5.

Kisha tazama sehemu ya chini ya kifua anapovuta. Kwa kawaida hutoka nje. Ikiingia ndani, mapafu yamekuwa magumu na misuli inavuta kwa nguvu isiyo ya kawaida. Pua kutanuka kila pumzi ni ishara hiyohiyo. Mguno mfupi mwisho wa kila pumzi ni mbaya zaidi: mtoto anafunga nyuzi za sauti ili kubakiza hewa kidogo ndani, vifuko visijifunge.

Kwa nini vifuko vijifunge? Kuta zake zina unyevu, na mvutano wa maji hutaka kuzinyweza. Mwili huzuia hilo kwa kutandaza ndani yake kimiminika kiitwacho safaktanti, ambacho hupunguza mvutano huo. Mtoto aliyezaliwa mapema sana bado hana cha kutosha, na huguna tangu saa za kwanza za uhai wake. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba upungufu huu ndio uliokuwa ukiwaua watoto njiti wengi, na leo safaktanti huweza kuingizwa mapafuni kwa mrija. Mama aliye katika hatari ya kujifungua mapema hupewa sindano za steroidi ili mapafu ya mtoto yakomae haraka. Kama wewe ni mjamzito na uchungu umeanza mapema, usingoje nyumbani uone kama utapita, kwa kuwa sindano hizo zinahitaji muda kabla ya mtoto kuzaliwa.

Kifua kinachoma

Nyama ya pafu yenyewe haina neva za kuhisi maumivu. Zinazouma ni mbavu, misuli, na utando wa nje unaotanda ukuta wa kifua. Maumivu makali ya kisu yanayozidi unapovuta pumzi ndefu au kukohoa yanatoka kwenye utando huo, ambao umevimba au umeguswa na nimonia, kifua kikuu au damu iliyoganda. Yakizidi ukibonyeza sehemu moja kwa kidole, huenda ni msuli au ubavu uliochoshwa na kukohoa. Yakianza ghafla upande mmoja kwa kijana mrefu mwembamba, pamoja na kuhema, huenda hewa imevuja kutoka kwenye pafu na pafu limenywea. Hii huhitaji picha ya kifua siku hiyohiyo. Maumivu ya kukandamiza katikati ya kifua, yasiyobadilika na pumzi, ni ya moyo mpaka ithibitike vinginevyo.

Anaishiwa pumzi lakini kifua hakina mlio

Hapa wengi hupotea. Hewa inaingia na kutoka vizuri, tatizo liko kwenye damu, moyo, au ujumbe wa ubongo.

Upungufu wa damu: oksijeni ipo mapafuni lakini himoglobini ya kuibeba ni chache. Mtu huchoka akipanda ngazi, moyo hudunda, ndani ya kope za chini kumepauka. Moyo dhaifu: hawezi kulala chali, anaongeza mito, anaamka usiku akitafuta dirisha, miguu imevimba. Damu iliyoganda: kuhema kulikoanza ghafla baada ya upasuaji, kujifungua, au kulala kitandani muda mrefu, hasa mguu mmoja ukiwa umevimba na kuuma, nenda hospitali mara moja. Kisukari kilichopanda sana: pumzi ndefu na za kina zisizokoma, kiu, mkojo mwingi, na harufu ya matunda mdomoni. Mwili unajaribu kutoa asidi kupitia mapafu.

Hofu kali nayo huleta kuhema kwa kasi. Kabonidayoksaidi hushuka mno, na mtu huhisi ganzi kuzunguka mdomo na kwenye vidole, kizunguzungu, na kama hewa haitoshi ingawa inatosha. Mwelekeze avute polepole kwa pua na kutoa taratibu zaidi ya alivyovuta. Usimpe mfuko wa karatasi apumulie. Ikiwa chanzo ni pumu au moyo, utamdhuru. Na hofu itajwe mwisho, baada ya mengine kuondolewa. Wanawake wengi hasa huambiwa ni wasiwasi tu wakati damu imeganda mapafuni.

Kiu ya hewa huletwa hasa na kupanda kwa kabonidayoksaidi, si kwa kushuka kwa oksijeni. Ndiyo sababu anayehema kwa makusudi mara nyingi kabla ya kupiga mbizi anaweza kuzimia chini ya maji bila kuhisi haja ya kupumua. Na ndiyo sababu moshi wa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu usingizini: hewa ya sumu, kabonimonoksaidi, hushika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, wala haileti hisia ya kukosa hewa. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiamka na maumivu ya kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, watoke nje wote kwanza.

Sauti, kukoroma, kwikwi na pua

Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu iangaliwe. Neva ya sauti ya upande wa kushoto hushuka hadi kifuani, huzunguka chini ya mshipa mkuu wa damu, kisha hupanda tena hadi kwenye zoloto, kwa hiyo uvimbe ndani ya kifua unaweza kujitangaza kwa sauti kabla ya kikohozi. Kukoroma kunakokatizwa na kimya cha sekunde kadhaa, kisha mtu akashtuka akivuta hewa, na kusinzia mchana, ni koromeo linalojifunga usingizini. Kunapandisha shinikizo la damu na kuna tiba. Kwikwi ni kiwambo kinachojikaza ghafla, na ikipita saa 48 inahitaji daktari. Mtoto mchanga hupumua zaidi kwa pua, hivyo pua iliyoziba tu inaweza kumkosesha kunyonya. Matone ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo, kabla ya kumnyonyesha, hutosha mara nyingi.

Kipimo cha kidoleni kinasema 97

Kipima oksijeni, kile kinachobanwa kidoleni, ni kifaa kizuri kikitumiwa kwa akili. Kwa mtu mwenye afya husoma asilimia 95 hadi 100, na chini ya 90 ni hatari. Kidole kiwe na joto, kisiwe na rangi ya kucha, kitulie kwa dakika moja. Kwa ngozi nyeusi kifaa huweza kusoma juu kuliko uhalisia, kwa hiyo 93 ya mtu anayehema isikutulize. Aliyepungukiwa damu husoma 99 huku mwili ukikosa oksijeni, kwa sababu kifaa hupima jinsi himoglobini iliyopo ilivyojaa, si wingi wake. Aliyevuta kabonimonoksaidi husoma vizuri pia, maana kifaa hakitofautishi himoglobini iliyobeba sumu hiyo na iliyobeba oksijeni. Mgonjwa wa pumu anaweza kubaki na 96 mpaka muda mfupi kabla ya kuchoka kabisa. Namba ikiwa nzuri na mgonjwa anaonekana vibaya, mwamini mgonjwa.